Bunduki ya Vita Mkononi mwa Mwindaji

Kuigeuza bunduki kuukuu ya jeshi iwe bunduki ya kuwindia ni kazi ya kupunguza kabla ya kuwa kazi ya kuongeza. Fundi hupokea silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wa miguu: ndefu, nzito, iliyofunikwa mbao hadi karibu na mdomo wa mtutu ili kiganja kisiungue baada ya kufyatua risasi nyingi mfululizo, na yenye mahali pa kupachika singe. Mauser ya mwaka 1898, ambayo ndiyo asili ya bunduki nyingi za namna hii duniani, ina urefu wa sentimita 125 na uzito unaozidi kilo nne. Mwindaji hana haja ya singe, na akifyatua mara tatu kwa siku amefyatua sana. Kwa hiyo mbao za mbele hukatwa, kishikio cha singe huondolewa, na mtutu wenye sentimita 74 hufupishwa hadi 60 hivi au hung'olewa na kuwekwa mwingine. Mkono wa komeo, unaotokeza ubavuni, hupashwa moto na kukunjwa chini usije ukagonga darubini. Juu ya chemba hutobolewa matundu ya skrubu za kushikia darubini hiyo. Kifyatulio cha askari, ambacho huvutwa kwa hatua mbili, kwanza kilaini kisha kizito, hubadilishwa kiwe cha hatua moja. Mwisho huchongwa kitako kipya kwa kipimo cha bega la mwenye bunduki. Ulaya hutumia mbao za mti wa jozi. Mninga wa misitu ya Tabora, usiopinda ovyo ukikauka, unafaa kazi hiyo vilevile.

Kisichoguswa ni mtambo. Katika Mauser, ukucha mrefu wa chuma hulikamata tako la risasi mara tu linapotoka kwenye magazini, na hauliachii hadi ganda litupwe nje, hata bunduki ikiwa imegeuzwa juu chini. Paul Mauser alikusudia kumkinga askari aliyeingiwa na hofu, asije akasukuma risasi mbili katika chemba moja. Mwindaji aliyesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa yumo katika hofu ileile, na ndiyo sababu kampuni ya Rigby ya London ilijenga bunduki zake za wanyama wakubwa juu ya mtambo wa Mauser, ikiwemo ile ya kaliba .416 iliyotoka mwaka 1911. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya uwindaji, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Springfield ya jeshi la Marekani iliyotengenezwa upya kwa ajili ya kuwindia. Sehemu ambayo wawindaji waliithamini kuliko zote ndiyo ileile iliyobuniwa kwa mahitaji makali kabisa ya vita.

Hapo ndipo swali la kifalsafa na la kidini linapoanzia. Chombo kilichoundwa ili mtu amuue mtu kikichongwa upya kwa kazi ya kutafuta kitoweo, je, kimekuwa kitu kingine, au ni kilekile kilichovalishwa mbao mpya? Na kama ni kilekile, mtu anayekula nyama iliyopatikana kwa chombo hicho anashiriki chochote katika yale kiliyoyatenda zamani?

Aristotle alifundisha kwamba kitu hueleweka kwa mambo manne: malighafi yake, umbo lake, aliyekitengeneza, na lengo la kutengenezwa kwake. Kwa mtazamo huo, bunduki iliyogeuzwa ina malighafi ileile, umbo lililobadilika nusu, watengenezaji wawili, na lengo jipya. Ukilipa lengo uzito kuliko hayo mengine, kama Aristotle mwenyewe alivyoelekea kufanya, utasema ni kitu kipya. Lakini lengo la nani? Lengo la fundi wa kwanza limo ndani ya chuma, katika ule ukucha na katika unene wa chemba. Lengo la mwenye bunduki halimo ndani ya chuma hata kidogo. Limo moyoni mwake, na laweza kubadilika usiku mmoja bila tupa wala patasi.

Wanafalsafa wa Ugiriki waliuliza swali la karibu na hili kuhusu jahazi la Theseus, ambalo mbao zake zilibadilishwa moja moja hadi haikubaki hata moja ya asili. Sheria za silaha zimelijibu swali hilo kwa mkato. Mtutu waweza kubadilishwa, kitako vilevile, na bunduki ikabaki ileile mradi kipande chenye namba kimebaki, yaani mwili wa mtambo. Kuifuta namba hiyo ni kosa, Tanzania kama kwingineko, kwa kuwa bunduki isiyo na namba haina historia inayoweza kuulizwa. Jibu hili ni la kiofisi, lakini lina hekima kuliko linavyoonekana: linakataa kwamba mabadiliko ya nje yanaweza kukata uhusiano wa kitu na mambo yake ya nyuma. Argentina ilipouza Mauser zake kuukuu, nembo ya taifa ilisagwa kwanza, kana kwamba nchi haikutaka ionekane pale silaha zake zitakapofika. Ni desturi mbaya. Bunduki yenye mihuri yake yote, ya kiwanda, ya jeshi na ya wakaguzi, ni hati. Na anayeisaga nembo anachana ukurasa ambao hautaandikwa tena.

Tabora ni mahali pazuri pa kulijaribu swali hili, kwa sababu huko bunduki za jeshi ziligeuka kuwa za kuwindia, na zikageuka tena, bila kupita mkononi mwa fundi. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa njia panda ya biashara ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora yenyewe, ikagawanyika: mkono mmoja ukaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki zilipanda bara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 na kuwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiwa wamekwisha kujenga tembe zao. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri wapagazi.

Bunduki zilizopita njia hiyo nyingi zilikuwa mabaki ya majeshi ya Ulaya. Kila jeshi la huko lilipopata silaha bora, silaha za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, na wafanyabiashara wakazipeleka palipokuwa na wanunuzi. Gumegume iliyowahi kuwa silaha ya askari wa mfalme ilifika Unyanyembe ikiwa bidhaa, ikibebwa begani pamoja na marobota ya nguo. Baadaye zikaja bunduki za fataki, na baada yake zile za kupakiwa risasi kwa nyuma. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Zilipofika, kazi yake haikuwa moja. Katika jamii ya Wanyamwezi wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao, wayege, chenye mafunzo, dawa na miiko. Kabla ya bunduki waliwinda kwa mikuki na sumu. Bunduki ilipoingia waliipokea na kuiingiza ndani ya utaratibu uliokuwapo. Mtemi alikuwa na haki yake katika kila tembo aliyeanguka ndani ya nchi yake. Wakati huohuo vijana waliojiita rugaruga walibeba bunduki za namna ileile katika jeshi la Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 alifunga njia ya misafara, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuchoma sehemu ya Tabora. Henry Morton Stanley alikuwapo, akaingia vitani upande wa Waarabu, na upande huo ukashindwa. Kijana mmoja aliweza kuwa mlinzi wa msafara kiangazi hiki, mwindaji wa pembe kiangazi kijacho, na rugaruga wakati vita ilipozuka. Bunduki ilikuwa ileile. Isitoshe, ililia pia pasipokuwa na adui wala mnyama: msafara ulipokaribia mji ulitangaza kuwasili kwake kwa milio ya bunduki, na ndivyo Stanley alivyoingia Ujiji Novemba 1871.

Kutokana na hali hiyo mtu anaweza kufikia rai iliyozoeleka, kwamba silaha haina dhambi na kila kitu kimo katika mkono wa aliyeishika. Rai hiyo ina nusu ya ukweli tu. Bunduki za Unyanyembe hazikusubiri tu nia za watu, zilizizalisha. Aliyekuwa na bunduki mia moja alipata pembe, pembe zikamnunulia baruti na bunduki zaidi, na jirani aliyekuwa na mishale ililazimu atafute bunduki naye au ahame. Biashara ya pembe na vita vilishibishana hadi ikawa vigumu kusema kipi kilikuwa chanzo. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani kwa muda mrefu, alijilipua kwa baruti yake ndani ya boma lake Januari 1893, askari wa Tom von Prince walipokwisha kuingia. Chombo kinachoweza kubadilisha hesabu za kila mtu aliye karibu nacho hakiwezi kuitwa kitu kisicho na upande.

Wakoloni walijaribu kuchora mpaka kati ya silaha ya vita na silaha ya kuwindia. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango wazi, kwa masharti, kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Bunduki ambayo miaka 80 kabla yake ilikuwa silaha kuu ya majeshi ya Ulaya sasa ilihesabiwa kuwa kifaa cha mwanakijiji cha kufukuzia nguruwe shambani. Hakuna fundi aliyeigusa. Umri peke yake uliivua cheo. Na vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilionyesha kwamba gumegume hizo zilizosamehewa zilikuwa bado zinakumbuka kazi yake ya kwanza. Waingereza nao walishika mpaka wa aina nyingine: mwaka 1907 walipiga marufuku risasi za kaliba .450 India na Sudan zisije zikatumika katika bunduki za jeshi zilizopotea, na viwanda vya London vikalazimika kubuni kaliba nyingine kwa wawindaji. Katika mkataba wa kwanza uovu ulidhaniwa kukaa katika mtambo. Katika amri ya pili, katika kipenyo cha risasi.

Historia inavuruga mpaka huo hata kwa upande wa asili. Mtutu wenye mifuo ndani, unaoizungusha risasi na kuinyoosha, ulikuwa wa wawindaji wa milima na misitu ya Ulaya ya Kati muda mrefu kabla majeshi hayajaupokea. Prussia katika karne ya 18 iliunda vikosi maalumu kutokana na walinzi wa misitu na wawindaji, nao walikuja na bunduki zao. Silaha ya vikosi hivyo katika toleo la mwaka 1871 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita ya 1914 ilipoanza. Kwa hiyo anayeichonga Mauser iwe ya kuwindia hawezi kushtakiwa kwamba analazimisha chombo cha vita kiingie mahali kisipotoka. Kinyume chake, vita ndiyo iliyoazima kwa uwindaji. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, mji huo ulikuwa umetoka kushuhudia mageuzi mengine ya chuma cha vita: katika karakana ya reli Wajerumani walikuwa wamefua sarafu, za dhahabu zenye picha ya tembo na za heller 20 za shaba ya njano, ambayo sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi na mizinga. Hakuna aliyeikataa sarafu hiyo sokoni kwa sababu ya mahali ilipotoka.

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na bunduki kama tatizo la halali na haramu kabla halijawa tatizo la historia. Qur'ani, katika sura ya Al-Maida, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na Hadithi ya Adiyy bin Hatim inatofautisha mti wa kurushwa unaotoboa kwa ncha yake na ule unaopiga kwa ubavu: wa kwanza windo lake huliwa, wa pili haliliwi. Vitabu vya zamani viliitaja pia bunduki, lakini kwa maana ya kitonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, na vikakataza kula kilichouawa nacho, kwa kuwa kinavunja bila kukata. Silaha ya baruti ilipokuja na kuchukua jina hilohilo, ilirithi na hukumu. Mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alishikilia kwamba risasi huua kwa kuunguza na kwa nguvu ya uzito, haina makali, kwa hiyo windo lililokufa nayo si halali. Al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki miaka miwili kabla yake, aliona kinyume: risasi inapenya mwili, pengine kuliko mshale, na kwa hiyo windo lake ni halali mradi jina la Mungu limetajwa wakati wa kufyatua.

Mjadala huu unafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu ya jambo ambalo halimo ndani yake. Hakuna kati yao aliyeuliza bunduki ilitengenezwa kwa kazi gani, au ilipigana vita gani kabla ya kufika mkononi mwa mwindaji. Waliuliza inamfanya nini mnyama. Mnyama alikufa vipi, kwa jeraha lililopenya au kwa kipigo? Hata katika kisa cha kisu kilichoibwa, wengi wa wanazuoni walisema nyama iliyochinjwa kwacho ni halali huku mchinjaji akibeba dhambi ya wizi; Ibn Hazm wa Andalusia alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa. Rai ya wengi inaitenga historia ya chombo na hukumu ya tendo bila kuifuta historia hiyo: dhambi ya wizi haikuondoka, ilibaki kwa mwenyewe kama deni. Wawindaji Waislamu wa bara walipita katikati ya hitilafu hii kwa desturi rahisi. Mnyama akianguka, mwindaji hukimbia na kisu amuwahi angali na uhai, achinje kwa jina la Mungu, na shaka ya risasi ikaondoka.

Ukristo uliofika Tabora kwa wamisionari wa London huko Urambo, kwa Wamoraviani walioshika nafasi yao, na kwa Mapadri Weupe, ulikuja na picha nyingine. Manabii Isaya na Mika wanazungumzia panga kufuliwa kuwa majembe na mikuki kuwa miundu, na Yoeli anaigeuza picha hiyo kinyumenyume, majembe yafuliwe kuwa panga. Picha ya Isaya inadai zaidi kuliko kazi ya fundi wa bunduki: chuma kiache kuua kabisa. Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa Anglikana Msumbiji aliichukua kwa maana yake ya wazi. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mpango wa kukusanya silaha zilizobaki baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, na aliyesalimisha bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli. Bunduki zilikatwa vipande, na wachongaji wakaviunganisha kuwa sanamu. Kiti kilichotengenezwa mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Ukilinganisha na kiti hicho, bunduki iliyogeuzwa ya kuwindia ni uongofu wa nusu. Bado inaua. Bado inaweza kumuua mtu hata pasipo nia: Dk. Ebenezer Southon, mmisionari na tabibu aliyeishi karibu na Mirambo na kuelewana naye vyema, alinusurika na kila kitisho cha nchi yenye vita, akafa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kuuita uongofu wa nusu si kuutupa. Jembe halimfukuzi nguruwe aliyeingia katika shamba la mihogo usiku, wala halimzuii simba aliyeanza kuzoea zizi. Nabii alikuwa anatazama ulimwengu ambamo hakuna tena haja ya chuma kinachoua. Mkulima wa Sikonge anaishi katika ulimwengu wa kabla ya hapo, na dini inayomhukumu kwa kipimo cha ule mwingine tu haijamsaidia.

Mila nyingi za Afrika Mashariki ziliutazama uuaji kutoka upande tofauti na pande hizi mbili. Shujaa aliyemuua mtu vitani hakurudi moja kwa moja nyumbani kwake. Alitengwa, akapewa dawa, akatakaswa, kwa kuwa damu iliaminika kumfuata. Aliyemuua mnyama mwenye nguvu, kama simba, naye mara nyingi alikuwa na taratibu za kupitia. Aliyetakaswa ni mtu, na tendo lenye madhara halikuhesabiwa kuwa jema au baya kwa kigezo cha mkuki uliotumika. Hapa uwindaji na vita havikuwa vitu viwili vilivyotengwa kwa ukuta, kimoja safi na kingine kichafu. Vyote viliacha kitu juu ya mwuaji, na vyote vilikuwa na masharti. Wayege walikuwa na masharti mengi kuliko rugaruga, na tofauti yao ilikuwa katika masharti hayo. Bunduki zao hazikutofautiana.

Hiyo ndiyo njia inayofika karibu zaidi na jibu. Kinachoitoa bunduki katika vita na kuiingiza katika uwindaji si mbao mpya wala nia njema ya jumla, bali ni wajibu mahususi ambao askari hakuwa nao kwa aliyemlenga na mwindaji anao kwa mnyama. Wajibu huo unaonekana waziwazi katika jambo dogo kuliko yote, risasi yenyewe.

Risasi ya kijeshi imefunikwa shaba hadi nchani, na hupenya bila kutanuka. Azimio la The Hague la Julai 1899 lilikataza kutumia vitani risasi zinazotanuka au kubapa mwilini, za aina iliyotengenezwa katika ghala la silaha la Dum Dum karibu na Calcutta, kwa hoja kwamba zinamtesa binadamu kupita mahitaji ya vita. Katika uwindaji wa swala na wanyama wengine wenye ngozi laini, hukumu ni kinyume kabisa. Sheria ya Uingereza kuhusu kulungu inadai risasi yenye ncha laini au yenye tundu, kwa sababu risasi ya jeshi hupita kwenye mbavu kama sindano na kumwacha mnyama akimbie kilomita kadhaa akafe peke yake kichakani. Risasi iliyo halali kwa mtu ni haramu kwa kulungu, na ya kulungu ni haramu kwa mtu.

Hitilafu hii haitokani na uzembe wa watunga sheria. Vitani kusudi linalokubalika ni kumtoa adui katika mapigano. Akijeruhiwa na kuanguka, kusudi limetimia, na sheria inataka apate nafasi ya kupona. Katika uwindaji hakuna mnyama anayefaidika kwa kujeruhiwa. Huruma kwake ni kifo cha haraka, na jeraha lisiloua ndilo kosa kubwa la mwindaji. Kwa hiyo mtu anayeichonga bunduki kwa miezi miwili, akaipaka mbao zake mafuta hadi zing'ae, kisha akaipakia risasi za ghala la jeshi kwa kuwa ni rahisi na kwenda nazo kutafuta kongoni, hajageuza kitu. Kwa tembo na nyati hali hubadilika, kwa maana ngozi na mfupa wao vinadai risasi isiyotanuka. Walter Bell, aliyewinda zaidi ya tembo elfu moja, wengi Karamoja na Lado, alitumia sana Mauser ya kaliba ndogo ya kijeshi, na aliweza kwa sababu alijua ubongo wa tembo ulipo akitazamwa kutoka kila upande. Ujuzi huo wa mwili wa mnyama nao ni sehemu ya wajibu, na asiye nao hawezi kuununua pamoja na bunduki.

Wajibu ukiondoka, mageuzi hurudi nyuma upesi. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, silaha za kivita zilisambaa mikononi mwa wezi wa ng'ombe na majambazi wa magharibi mwa Tanzania. Watu wa Kahama na maeneo jirani ya Tabora walijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuunda Sungusungu, wakitembea na pinde na mishale, silaha za kuwindia za babu zao, kuwakabili watu wenye bunduki za jeshi. Katika misitu ya miombo hadi leo kuna bunduki za aina mbili zinazouliza swali la makala haya. Kuna SMG ya jangili, silaha ya vita isiyobadilishwa kitu ila windo. Na kuna gobole lililofuliwa na mhunzi kwa bomba la chuma, ambalo halijawahi kuwa la jeshi lolote lakini halina leseni, halina shabaha ya kuaminika, na huacha wanyama wengi na vyuma mwilini kuliko linaowaangusha. Gobole ni ushahidi kwamba asili safi haitoshi. Silaha isiyopigana vita yoyote inaweza kuwa mbaya zaidi mbele ya mnyama kuliko Mauser iliyopigana mbili.

Baada ya risasi kutoka, linabaki jukumu la kumfuata aliyejeruhiwa. Askari aliyesonga mbele huwaachia wabeba machela. Mwindaji hana wa kumwachia. Kanuni za wawindaji wa leseni na maofisa wanyamapori zinakubaliana hapa na fikihi, ambayo ilikwisha kulichambua suala hilo karne nyingi kabla ya baruti. Mnyama akipotea na akapatikana kesho yake, akiwa na alama ya silaha ya mwindaji huyo tu na nyama haijaoza, huliwa. Akipatikana ameanguka majini, kama inavyoweza kutokea kwenye mabwawa ambayo mto Ugalla huacha wakati wa kiangazi, haliwi, kwa kuwa mwindaji hawezi kujua kama aliyemuua ni yeye au ni maji.